Kumbe mgumu nilikuwa mimi

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, sikuikawiza dukani kwangu Kariakoo. Ila daftari la mauzo, hilo sikuliachia. Vijana wakaomba tuhamie kwenye programu ya simu. Nikakubali kwa mdomo, mkononi peni ile ile. Nao wakaniiga!

Jumamosi moja tukahesabu misumari: daftarini katoni 12, stoo zipo 7. Jumatatu nikalifungia daftari kabatini, nikamwambia binti wa kaunta, "Nifundishe, mwanangu."

"Bosi, vaa miwani kwanza."

Wiki nzima niliingiza bidhaa kwenye programu mbele ya vijana, bei ya bawaba nikiikosea mara tatu (walicheka, wacha wacheke). Siku hizi hata kuli anaangalia mzigo uliobaki kwenye simu. Wasioipenda programu hiyo ni wadeni tu.