Kiduha na Shina la Uchungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu juma hili ni Waebrania 12:15: "mkiangalia sana mtu asiipungukie neema ya Mungu, shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua".

Sisi wa Dodoma tunaolima mtama na uwele tunakijua kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Ua lake linapendeza, na mgeni akipita Bahi au Chamwino anaweza kudhani limepandwa. Kumbe shamba limeshaumia. Wiki kadhaa kiduha kimekaa chini ya ardhi, kimeung'ang'ania mzizi wa mtama, kinanyonya maji na chakula. Kinapochomoza, mtama umeshadumaa, majani yamenyauka kana kwamba mvua imekata.

Ajabu yake ni kinavyoanza. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni miaka mingi. Maji peke yake hayaziamshi. Mtama ukipungukiwa kirutubisho cha fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ya kuwaita kuvu wanaousaidia kupata chakula. Mbegu ya kiduha iliyo jirani hupata mwito uleule, ikaota na kuufuata mzizi. Mtama umeomba msaada, mnyonyaji ndiye kaitika.

Sasa tazameni andiko: kupungukiwa neema kumetangulia, shina la uchungu likafuata. Tumezoea kuhubiri uchungu kama ukaidi. "Samehe tu," tunasema, kisha tunaenda zetu. Mimi naona mara nyingi ni njaa. Mjane asiyetembelewa tena baada ya arobaini analilia faraja, na wa kwanza kufika ni yule wa kumhesabia ubaya wa mashemeji.

Kung'oa kiduha kabla hakijazaa mbegu ni lazima. (Atakayenikumbusha magugu ya Mathayo 13, yaliyoachwa hadi mavuno, aendelee hadi mstari wa 38: lile shamba ni ulimwengu. Hapa tunaambiwa tuangaliane sisi kwa sisi.) Lakini mkulima anayeng'oa tu, mwaka kesho ataanza upya. Mkulima mwenye busara hutia samadi pia, maana kiduha hustawi kwenye udongo uliochoka. Hubadilisha mazao pia: karanga na kunde huweza kuiamsha ile mbegu, nayo ikikosa mzizi wa kushika hufa.

Jumuiya yetu ina zizi la samadi: kutembeleana, kuombeana, debe la mtama kwa aliyepungukiwa. Yule ndugu aliyeacha kuja tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, nani atamwendea kabla ya Jumapili?