Ijumaa ya mpiga saksofoni Kampala

Saa kumi na mbili asubuhi. Jirani yangu hapa Nsambya ana mtoto mchanga, hivyo saksofoni haitoki kwenye sanduku kabla ya saa tatu. Nachemsha chai huku naimba "All of Me", wimbo wa jazi wa 1931, mstari kwa mstari. Mimi si mwimbaji, wenye masikio wanajua. Lakini mzee aliyenifundisha, askari mstaafu wa bendi ya polisi, hakuruhusu ushike chombo kama hujui maneno ya wimbo. "Kijana, unajibu swali ambalo hujalisikia," alikuwa akinifokea kwa Kiswahili cha kambini. Miaka ikapita ndipo nikajua kuwa Lester Young, yule mpiga saksofoni ya tena (tenor) wa bendi ya jazi ya Count Basie huko Marekani, naye alishikilia jambo hilohilo.

Saa tatu. Msimu wa mvua unaharibu ulimi wa saksofoni, kile kipande chembamba cha mwanzi. Nalowesha vichache, nabaki na kimoja chenye heshima. Kisha "Body and Soul" ya 1930. Umbo lake ni la kawaida, bari 32, yaani vipande 32 vidogo vya mapigo, ila ile sehemu ya kati inatoka kwenye ufunguo wa D-flati na kupanda D, halafu inashuka C, na hapo vidole vya wengi hupotea njia. Mpiga saksofoni Mmarekani, Coleman Hawkins, aliurekodi New York, Oktoba 1939. Alidokeza melodi, ile sauti kuu ya wimbo, mwanzoni, akaiacha, hakuirudia tena. Vijana wakisikia rekodi ile hudhani wamepewa ruhusa ya kupuuza melodi. Hawajiulizi aliijua kiasi gani hata akaweza kuiacha.

Saa tano, Ntinda, kwa mwanafunzi wangu. Ana pumzi nzuri na haraka mbaya. Leo nimemkataza solo, ule upigaji wa kubuni peke yako, kabisa: apige melodi tu, polepole, akivuta pumzi pale mwimbaji angevuta. Amenuna. Mama yake amecheka jikoni, akasema, "Mwalimu, leo umempata."

Mchana ni foleni ya Jinja Road na rolex ya kando ya barabara, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Hakuna la kusimulia, labda pilipili.

Saa kumi na moja tunapanga vyombo vya muziki hotelini Kololo. Mpiga kinanda wetu ni kaka kutoka Bukavu, amekulia kwenye rumba, na mkono wake wa kushoto hautulii. Wengine humlalamikia. Mimi namwambia, "Kaka, acha hivyohivyo," maana nyimbo hizi zilizaliwa na watu waliotaka kucheza dansi, si wa kukaa kimya na kutikisa kichwa kwa adabu.

Saa moja usiku tunaanza. Seti ya kwanza watu wanakula, nasi tunapiga chini chini, mpiga ngoma na brashi zake za waya. "Autumn Leaves" ni tuni ya Mfaransa mzaliwa wa Hungaria, Joseph Kosma, na inahusu majani ya vuli ya Ulaya, yanayoanguka kabla ya baridi, na mpenzi aliyeondoka. Hapa karibu na ikweta tuna mvua na jua, vuli ya namna hiyo hatuijui. Lakini aliyeachwa na mpenzi yuko kila mahali, Kololo pia.

Saa tatu ndiyo saa yangu. Dada yetu mwimbaji anashika "All of Me". Mwimbaji wa Marekani, Billie Holiday, aliurekodi mwaka 1941, Lester Young akiwa pembeni yake, na alikuwa anachelewa: bendi inatangulia, yeye anafika na neno lake baadaye kidogo, kama mama mkwe asiyeharakishwa na mtu. Dada yetu anajua kuchelewa huko. Mpiga ngoma akimsubiri, wimbo unakufa. Asipomsubiri, ndipo unapendeza. Mimi najaza pale anaponyamaza, na kwa kuwa nayajua maneno, najua atanyamaza wapi. Kazi hii naipenda kwa ajili ya nafasi hizo ndogo kuliko solo yoyote.

Meza ya pembeni inaomba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Tumeupiga kwa swingi, ule mdundo wa jazi wa kuyumbayumba, keki ikaletwa, bakshishi ikafuata.

Saa tano na nusu. Malipo yameingia kwenye simu, pungufu ya ada ya kutuma, kama kawaida. Bodaboda anataka nauli ya abiria wawili kwa sababu ya sanduku la saksofoni. Kesho kuna harusi Mukono, na bwana harusi ameomba wimbo mmoja wa zamani wa kuingilia. Mpiga ngoma anataka uende mbio. Tunabishana kwa ujumbe mpaka sasa, na sina nia ya kukubali.