Hekalu la Serua: kumbukumbu ya mradi, awamu ya nne

Awamu hii niliipanga iwe ya kuchora kuta na nguzo, lakini imeishia kuwa ya kubomoa. Hekalu la Serua, mungu wa kivuko katika nchi ya kubuni ninayoiunda, lilikuwa na ngazi tisa, sanamu ya dhahabu, kuhani mkuu mwenye kilemba cha buluu na sherehe kubwa ya mwaka. Nilipolisoma daftari upya niligundua kwamba ndani ya fahari hiyo yote hapakuwa na mtu hata mmoja anayefagia, wala aliyejua sadaka ya samaki inakwenda wapi jua likishapanda. Samaki, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kumsahau jikoni, hasubiri.

Kwa hiyo nikaanza na samaki. Katika mahekalu ya Misri ya kale, chakula kilichowekwa mbele ya sanamu ya mungu hakikuachwa kioze. Ibada ilipokwisha kiliondolewa na kugawiwa makuhani na watumishi, kikawa sehemu ya ujira wao. Nimeuchukua mpango huo na kuupeleka mtoni. Samaki wa asubuhi huletwa na mvuvi wa kwanza kurejea, hulazwa juu ya jiwe mpaka kivuli cha nguzo ya mashariki kimguse kichwa, kisha huliwa na wavushaji wa zamu. Mvushaji aliyemla samaki wa Serua hana ruhusa ya kumtoza nauli mjamzito, mgonjwa wala maiti mpaka kesho yake. Kanuni ya jikoni ikazaa sheria ya nauli, na sheria ya nauli, nisivyotarajia, ikazaa ujanja: wapo wanawake wanaojifunga mto wa kulalia tumboni kabla ya kufika gatini, na wavushaji huwaita “wavuka mto kwa mto”. Ndipo ikabidi awepo mkunga mzee anayekaa kwenye kizingiti cha hekalu na kuwapapasa wanaotiliwa shaka, na kwa sasa yeye ana madaraka makubwa kuliko kuhani mwenye kilemba. Kilemba nimekifuta.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya mahali. Nililiweka hekalu kwenye ukingo wa nje wa kona ya mto kwa sababu lilipendeza kwenye ramani, nikasahau kwamba upande wa nje ndiko maji yanakokwenda kasi na kuula ukingo, ilhali upande wa ndani yanatulia na kuacha mchanga. Hekalu la mawe mahali hapo lingeanguka mtoni. Ningeweza kulihamishia ng'ambo na yakaisha, lakini nilikumbuka Ise, nchini Japani, ambako majengo makuu ya patakatifu hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013. Huko hufuatwa hesabu ya miaka. Kwangu mto wenyewe ndio kalenda. Kati ya maji na mlango vimepigwa vigingi saba, na mto unapokifikia cha mwisho, hekalu, ambalo sasa ni la mbao tupu, hufunguliwa na kusogezwa bara. Kila kaya hubeba ubao wake, ubao wenye alama uliorithiwa kutoka kwa babu na bibi, na kaya isiyo na ubao huitwa ya wageni hata ikiwa imeishi hapo vizazi vitatu. Hili ndilo jambo bora zaidi katika mradi wote mpaka sasa, kwa maana sherehe yangu ya zamani ilikuwa ngoma na taa tu, na hii ya kuhama ina watu wanaoumia.

Kuhama kumenigharimu wazo moja nililolipenda. Nilitaka mwanga wa jua uingie mpaka chumba cha ndani siku mbili za mwaka, kama unavyofanya katika hekalu kubwa la farao Ramses II huko Abu Simbel, nchini Misri, karibu na tarehe 22 Februari na 22 Oktoba. Ni kweli kwamba Abu Simbel nayo ilihamishwa, kati ya mwaka 1964 na 1968, na mwanga ukaendelea kuingia, lakini ile ilikuwa kazi ya wahandisi wenye vipimo na mashine. Wavuvi wanaobeba mbao mabegani, mto ukiwafukuza, hawatalenga jua. Sanamu ya dhahabu nayo imeondoka kwa sababu hiyo hiyo ya uzito. Chumba cha ndani sasa kina kamba ya kivuko cha kwanza, iliyoungwa mara nyingi kiasi kwamba huenda hakuna uzi wa awali uliobaki. Mwiko wa kutolitaja jina la mungu nimeufuta bila majonzi, kwa kuwa umetumika kupita kiasi.

Kilichobaki katika awamu hii ni orodha ya mbao. Nimeshazigawa kwa kaya zote isipokuwa ubao wa kizingiti, anapokaa mkunga. Yeye mwenyewe ni wa kaya ya wageni, na usiku wa kuhama lazima mtu aubebe.