Apolo Nyumbani kwa Washona Mahema

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Matendo 18:24–28. Apolo anaingia Efeso akiwa tayari mtu wa kusikilizwa: mzaliwa wa Iskanderia, mtu wa elimu, hodari katika maandiko, roho inamwaka. Habari za Yesu anazifundisha vizuri, ila ubatizo anaoujua ni ule wa Yohana tu. Kati ya wanaomsikiliza sinagogini wamo Prisila na Akila, mtu na mkewe, washona mahema. Wanaona pengo. Wanamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu "kwa usahihi zaidi".

Angalia ni nani anamfundisha nani. Huyu ametoka mji wa wasomi, na watu wamekwisha kumpenda. Wale vidole vyao vimeota sugu za sindano. Angeweza kuwauliza wamesomea wapi. Luka hatuambii alijibu nini, anatuambia tu kilichofuata: Apolo alitaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wakawaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe, naye alipofika akawafaa sana walioamini.

Sisi wa Malindi tunapita kila mara karibu na nguzo ya Vasco da Gama, na ina la kutuambia. Alifika hapa Aprili 1498 akiwa ameizunguka Afrika kutoka Ureno, lakini njia ya kuvuka hadi India hakuijua. Mfalme wa Malindi akampa rubani. (Tusimpambe mgeni huyu: shajara ya safari yake inasema alimzuia melini mtumishi wa mfalme mpaka rubani aletwe.) Wakavuka kwa muda usiotimia mwezi. Wakati wa kurudi aliiacha India mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa kaskazi haujashika. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na walipotia nanga Malindi Januari 1499 wagonjwa walikuwa wakililia machungwa. Alipokuwa hana njia alikubali kuongozwa. Baada ya kufika alikotaka, hakungoja upepo ambao kila baharia wa pwani hii huungoja.

Hapo ndipo penye mtego wetu sisi tuliokaa katika wokovu miaka mingi. Mtu aliyeokoka mwezi jana huuliza kila kitu, hata namna ya kuifungua Biblia. Sisi tumekwisha kuwa wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, tumepitia chuo cha Biblia, na kiti chetu cha mbele kinajulikana. Kufundishwa tunakubali, bora mwalimu awe mgeni aliyetoka Nairobi na kipaza sauti chake mwenyewe. Akitokea jirani, tunaona ametuvunjia heshima.

Kwenye ushirika wetu wa nyumbani huku Muyeye, kijana mmoja mwinjilisti alihubiri kwa moto, akasisitiza mara kadhaa, "Biblia inasema, jisaidie nami nitakusaidia." Ibada ilipokwisha, watu wakiwa kwenye chai, mama mmoja muuza mahamri akamsogelea na daftari lake, kalamu ameishika tayari. "Mwanangu, ile aya iko kitabu gani? Nataka nikaisome nyumbani." Kijana akafungua Mithali. Akarudi Zaburi. Akatoa simu, akatafuta, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, haimo." Mama akamjibu, "Basi kunywa chai, itapoa." Juma lililofuata kijana alianza somo kwa kuwaambia watu wote kwamba ile haikuwa aya, na mama ndiye aliyemfungua macho.

Nawapenda wote wawili, lakini zaidi mama. Alijua kwamba hiyo si aya, nina hakika. Hakusimama katikati ya mahubiri, wala hakuandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Ndivyo walivyofanya Prisila na Akila: walimchukua kwao. Wengi wetu hatufundishiki kwa sababu tuliwahi kurekebishwa hadharani tukafedheheka, na tangu siku hiyo tukajenga ukuta. Anayerekebisha naye anahitaji unyenyekevu, pengine kuliko anayerekebishwa.

Jambo moja zaidi, maana wako wanaolitumia somo hili vibaya. Kiongozi akishaambiwa "unyenyekevu" hudhani ni watu kumwitikia kila neno. Soma 1 Wakorintho 16:12. Paulo anasema alimsihi sana Apolo aende Korintho pamoja na ndugu, naye hakutaka kabisa kwenda wakati ule. Angekwenda atakapopata nafasi. Apolo huyu huyu aliyekaa chini ya washona mahema alimkatalia mtume, na Paulo anaendelea kumwita ndugu. Jumatano tukikutana tuanzie hapo, na kila mmoja aje na jina la mtu ambaye angeona vigumu kufundishwa naye.