Nilivyoendelea kunyonyesha baada ya likizo ya uzazi kuisha

Mtoto wangu wa kwanza nilimlea nikiwa nyumbani, bado sijaajiriwa, kwa hiyo kunyonya kwake hakukuhitaji mpango wowote. Akilia, ananyonya. Wa pili amenikuta kazini. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha mjini Dar es Salaam, maeneo ya Posta, na tunakaa Kimara. Nilipojua nina ujauzito, kabla hata ya kufikiria nguo za mtoto, nilishika kalamu nikapiga hesabu.

Likizo ya uzazi kwetu ni siku 84, yaani wiki 12. Kliniki wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6, ambayo ni kama wiki 26. Hata kama uchungu ungenishika siku ileile ninayoanza likizo, zinabaki wiki 14 ambazo mtoto anatakiwa aendelee kunyonya na mama anatakiwa awe ofisini. Akina mama wengi ninaowafahamu waliachia hapo. Maziwa ya kopo yakaingia, au uji mwepesi wa mahindi katika mwezi wa tatu au wa nne, na baada ya muda titi likakauka lenyewe. Hawakukosa mapenzi kwa watoto wao. Walikosa mpango, na mpango wa namna hii hauwezi kubebwa na mtu mmoja.

Mwanangu alifikisha miezi 6 bila kuonja maji. Sasa ana miezi 9, juzi kachomwa chanjo ya surua na rubella, na bado ananyonya. Naeleza tulivyofanya.

Tulianza na barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mama ampe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Kwa kawaida barua hiyo tunaiandika kuombea likizo, basi. Mimi niliongeza aya ya pili kuhusu siku ya kurudi kazini. Kifungu hichohicho cha 33 kinachotoa zile siku 84 kinasema pia kwamba mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake ndani ya muda wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Watu wengi hawafiki huko chini, wanaishia kwenye idadi ya siku.

Ukikisoma kipengele hicho unaona kinamfikiria mama ambaye mtoto wake yuko karibu, wa kumkimbilia na kurudi. Wangu yuko Kimara. Hata kwa basi la mwendokasi, kwenda na kurudi kunazimaliza zile saa 2 kabla mtoto hajashika ziwa vizuri. Kwa hiyo niliomba zigawanywe: nusu saa asubuhi na nusu saa mchana nikamue, na saa inayobaki nitoke mapema, saa tisa na nusu badala ya saa kumi na nusu. Bosi alisoma, akavua miwani, akauliza, "Sasa mama, na tarehe 20?" Tarehe 20 ya kila mwezi ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na kwa mhasibu siku zinazotangulia hapo hazina mchezo. Jibu nilikuwa nalo: siku hizo nitatoka kwa muda wa kawaida na nitakamua mara tatu. Akasaini.

Haki ni haki hata kama bosi hajafurahi, hilo nalisimamia. Lakini nimeona kwamba ombi lenye muda, mahali, na jibu la swali la kazi linasainiwa haraka kuliko ombi linalosema tu "naomba nifikiriwe". Na liwasilishwe kabla ya likizo. Ukirudi na mtoto wa miezi mitatu, umechoka, matiti yamejaa na yanavuja, huna nguvu ya kujadiliana na mtu.

Mahali tulipata kwenye stoo ya mafaili. Ina dirisha dogo, mlango unafungwa kwa ndani, nikaweka kiti na kimeza. Kuna aliyenishauri nitumie chooni. Nilikataa na nitaendelea kukataa kwa niaba ya kila mama: hakuna mtu anayemwandalia mwenzake chakula chooni.

Kukamua nilifundishwa na muuguzi wa kliniki, kwa mkono, bila mashine. Unanawa kwa sabuni. Unaweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye titi, unalipapasa taratibu kuelekea mbele. Kidole gumba kinakaa juu, cha shahada chini, kwenye mpaka wa ile sehemu nyeusi, wala si kwenye chuchu yenyewe. Unasukuma kwanza kurudi kifuani, ndipo unabana, unaachia, unarudia. Mwanzoni ni matone tu, tena yanakuja kwa uvivu. Ukiwa na subira ya dakika moja au mbili yanaanza kuruka yenyewe, unasikia yanavyogonga ukingo wa kikombe. Ukivuta chuchu utaumia bure. Na ukiwa na hasira au haraka hayatoki, mwili unayazuia. Kwenye simu nilikuwa nimerekodi sauti ya mwanangu akinyonya, ile pumzi yake fupifupi na kumeza. Nikiweka simu sikioni, matiti yanaitika.

Nilianza kukamua nikiwa bado likizo, wiki chache kabla ya kurudi, kila alfajiri mtoto akishanyonya upande mmoja. Lengo lilikuwa kuwa na akiba kwenye friza, na pia mkono uzoee.

Kuhusu kuhifadhi, muuguzi alinieleza kwamba maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 nje, kama joto la chumba halizidi nyuzi 25. Kwenye friji yanakaa siku 4, na kwenye friza miezi 6 bila shida. Dar mwezi wa pili joto linapita nyuzi 30, kwa hiyo zile saa 4 sikuzitegemea hata kidogo. Nilinunua deli dogo, kila asubuhi nikaliwekea chupa za maji zilizoganda, na maziwa yakitoka kwenye titi yanaingia humo moja kwa moja mpaka Kimara. Kila kichupa nilikibandika plasta yenye tarehe na saa. Ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Yakigandishwa na kuyeyuka hayarudi kwenye friza. Hayachemshwi wala hayabandikwi motoni. Kichupa kinalazwa kwenye bakuli la maji ya moto kiasi mpaka yapate uvuguvugu. Yakikaa yanajitenga, mafuta yanapanda juu, mtu asiyejua anadhani yamechacha. Unayatikisa kidogo yanachanganyika.

Hapo kwenye kujitenga ndipo mama mkwe alipokuja juu. Alikuwa amekuja kutoka Muheza na gunia lake la machungwa, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanilea kama binti yake. Sitamsahau kwa hilo. Lakini alipofungua friji na kuona vile vichupa alirudi nyuma. "Mwanangu, maziwa ya mtu yanakaaje pamoja na samaki?" Nilimwelewa. Kwao maziwa ya mama hayatoki nje ya mwili wa mama, na yakitoka yanamwagwa mahali pa faragha. Sikumbishia. Siku hiyohiyo nilihamishia samaki chini, nikayawekea maziwa chombo chake chenye mfuniko kwenye rafu ya juu. Kusema kweli, kwa usafi alikuwa sahihi.

Kubwa zaidi lilikuwa la maji. Mama aliamini mtoto anakufa kiu kwa joto hili, na yeye amelea watoto wake wote kwa vijiko vya maji. Ningesema mimi ingekuwa mkwe anamfundisha mama yake kulea. Nikamwomba anisindikize kliniki, wiki ya 6, siku ya chanjo. Muuguzi ni mtu mzima wa rika lake, akamwita "dada yangu", akamweleza kwamba maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, kwamba tumbo la mtoto likijaa maji ananyonya kidogo na titi linapunguza kutengeneza, na kwamba maji yetu ya kisima na bomba ndiyo yanayoleta kuhara. Mama alisikiliza kimya njia nzima ya kurudi. Wiki iliyofuata jirani alikuja na kikombe, "huyu mtoto apozwe koo", nikamsikia mama mkwe ukumbini: "Huyu maji yake yamo humohumo kwenye ziwa." Tangu siku hiyo hapakuwa na mlinzi kumshinda.

Dada anayetusaidia nyumbani nilikaa naye wiki nzima kabla sijarudi kazini, nikimlipa kama kawaida, tukifanya mazoezi ya kumlisha mtoto kwa kikombe. Chupa ya chuchu niliiacha kwa makusudi: ni ngumu kusafisha, na watoto wengine wakiizoea wanasusa titi. Kikombe kidogo kinawekwa kwenye mdomo wa chini, mtoto amekaa wima, unakiinamisha mpaka maziwa yaguse mdomo, yeye mwenyewe anayaramba. Humiminii. Siku ya kwanza yalimwagika shingoni na dada akataka kulia, kwa sababu aliniona ninavyoyahangaikia. Siku ya nne walikuwa wanatazamana na kucheka.

Baba watoto kazi yake ilianzia kwenye chanjo ya wiki ya 14. Likizo ya baba kisheria ni siku 3, alizimaliza mtoto alipozaliwa, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi ofisini. Akaomba ruhusa ya asubuhi, akambeba mwanawe na kadi ya kliniki na kikombe cha maziwa kwenye deli, akakaa kwenye benchi na akina mama mpaka zamu yake. Mtoto akachomwa sindano za mapajani, akapata matone ya polio, akanyweshwa, akalala begani. Jioni baba alinisimulia kila kitu, hadi uzito wa mtoto kwa gramu. Kuanzia hapo vikombe, vichupa na kuchemsha vyombo vya mtoto kila usiku vilikuwa vyake, na sikuhitaji kumkumbusha.

Mtu ambaye hamna muuguzi wala sheria inayomzungumzia ni mtoto wangu mkubwa. Ana miaka mitatu na nusu. Nikiingia saa kumi na moja jioni, mdogo analia kwa kusikia sauti yangu, na mkubwa amekimbia mpaka getini, amenishika gauni, ana habari za siku nzima. Nikimchukua mdogo, mkubwa anakaa sakafuni na kugeuza uso ukutani. Siku moja alisema anataka kunyonya. Sikumcheka wala kumfukuza. Nilimwambia yake yaliisha akawa mkubwa, sasa amebaki na hadithi. Ikawa hivyo. Ninapokaa kwenye mkeka kumnyonyesha mdogo, ndio muda wa hadithi, na hauguswi na simu wala sufuria. Yeye ndiye anayeanza, "Hadithi, hadithi!" nami namjibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mara Sungura, mara Fisi, mara anaibadilisha mwenyewe na Fisi anapanda mwendokasi. Miguu yake iko juu ya miguu yangu. Sasa mdogo akilia ni yeye anayeniita, "Mama, njoo umnyonyeshe," kwa sababu anajua kinachofuata.

Chakula cha jioni kinachelewa, ndiyo. Nyumba ina nguo zisizokunjwa. Tulikubaliana na baba watoto kwamba saa ile moja ni ya watoto, na ugali ukiiva saa mbili na nusu hakuna aliyekosewa.

Usiku nilimlaza karibu yangu akanyonya anavyotaka. Wengi walinishauri nimzoeshe kulala bila kunyonya ili nipumzike. Kwa mama anayeshinda kazini naona ushauri huo unamnyima, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na kile ambacho mtoto hakukipata mchana anakifidia hapo. Uchovu upo, tena wa kweli. Jumamosi nilikuwa nalala mchana na dada anajua asiniamshe. Lakini kifua hakikukauka.

Tangu alipoanza kula, uji wa lishe na ndizi za kuponda na mchicha na dagaa wa kusaga, nimeacha kukamua mchana. Asubuhi bado naingia stoo.

Mwezi ujao mwenzangu wa kitengo cha nyaraka anaanza likizo. Anatarajia mapacha, kwa hiyo siku zake ni 100, na anakaa Chanika, mbali kuliko mimi. Nimempa nakala ya barua yangu abadilishe tarehe na muda, na tumemwomba bosi atoe ufunguo wa pili wa stoo.