Wiki 11 chali na sanduku la picha la mama

Tangu nitoke hospitali, kila ninayekutana naye ananiuliza mguu. Mguu unaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe, natembelea gongo moja. Lakini mimi nataka kusimulia picha, kwa sababu ndizo zilizonivusha, na kwa sababu nilipewa ushauri mbaya ambao ulinigharimu kitu kisichonunuliwa.

Mwezi wa tatu bodaboda iliteleza nami kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, hapa Mbeya, mvua ikinyesha. Paja la kulia likavunjika katikati. Hospitali walinitoboa chini kidogo ya goti, wakapitisha chuma, wakafunga kamba inayopita juu ya kapi, na mwisho wa kamba uzito wa kilo kama saba ukawa unaning'inia upande wa miguuni. Daktari alinieleza kwamba msuli wa paja una nguvu kuliko tunavyodhani. Ukiachiwa, unavuta vipande vya mfupa vinapandana na mguu unabaki mfupi. Uzito ule kazi yake ni kushindana na msuli usiku na mchana. Kwa hiyo hugeuki. Unalala chali, unaangalia dari, na ukitaka kujinyanyua unashika mpini ulioning'inizwa juu ya kichwa. Mimi nililala hivyo wiki 11.

Wiki mbili za kwanza ni maumivu, hazina simulizi. Ya tatu nikaanza kuwa mkali kwa kila mtu. Supu ikija ya moto nafoka, ikija ya baridi nafoka. Siku moja binti yangu aliyekaa pembeni akaniuliza, "Baba, hivi babu alikuwa anafananaje?" Nikafungua mdomo nimwambie, nikaona sina sura kamili ya kumweleza. Jioni ile ile nikampigia mama yangu kule Tukuyu, nikamwomba lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake. Akalifunga kwa kanga, akampa konda wa basi dogo la Kosta, na kesho yake likafika. Nauli ya mzigo ilikuwa kitu kidogo tu, nadhani elfu tatu.

Lakini mimi sikuliona kwa siku mbili. Ndugu mmoja, jina lake ninalo moyoni, alimvuta mke wangu koridoni akamwambia mgonjwa haonyeshwi picha za marehemu, zitamvunja moyo, atawafuata. Mke wangu akaogopa, akaliacha nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Hili liliniudhi na mpaka leo linaniudhi. Mtu amelala chali, hana anachofanya ila kuwaza, na wafu wake wamo humo kichwani tayari, uwape picha au uwanyime. Tofauti ni kwamba bila picha wanakuja usiku wakiwa vivuli, na kwa picha wanakuja mchana wakiwa na nguo zao na viatu vyao. Nililia kweli siku ya kwanza. Baada ya kulia nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu ajali.

Sasa hali ya picha zenyewe. Tukuyu kila mtu anajua mvua yake. Sanduku limekaa sakafuni miaka na miaka, na unyevu ulikuwa umeingia mpaka picha zikagandana mafungu mafungu kama matofali. Nyingine zilikuwa kwenye zile albamu zenye karatasi ya gundi na nailoni juu, zimenata hazitoki. Kwa ujumla zilikuwa picha 140 na kitu, na zilizosalimika hazifiki nusu.

Fungu moja lilikuwa na picha niliyoitamani kuliko zote: dada yangu mkubwa amenibeba mgongoni, mimi nina miaka kama miwili. Dada alifariki mwaka 1994. Tulikuwa tunaona pembe tu ya picha, kipande cha kanga. Akaja mgeni kumtazama mgonjwa wa kitanda cha tatu, mtu msafi, anaongea kwa kujiamini. Akasema dawa yake ni maji ya moto, gundi yote huyeyuka kwa moto, yeye amefanya mara nyingi. Tukamwamini. Mke wangu akamimina maji ya chai kutoka kwenye chupa ndani ya beseni la kunawia, tukatumbukiza fungu lote. Kwa dakika moja hivi ilionekana kama inafanya kazi, picha zikaanza kuachana. Nikamwambia harakisha, toa ya dada. Akaivuta. Karatasi ikatoka nyeupe kwa sehemu. Sehemu hiyo ya picha ilibaki majini, utando mwembamba unaelea, na alipojaribu kuuinua kwa kidole ukakatika uso. Kanga ilibaki kwenye karatasi, mgongo ulibaki, na kichwa changu kidogo kilibaki. Uso wa dada ulienda na maji.

Sikuongea mpaka kesho yake mchana.

Aliyenieleza kosa letu ni fundi picha mmoja wa Mwanjelwa, mtu mzima, aliyewahi kusafisha picha kwenye chumba cha giza enzi za filamu. Mke wangu alimfuata, naye akafunga kibanda akaja mwenyewe saa za kuona wagonjwa. Aliangalia bakuli langu la supu ya kongoro, yaani miguu ya ng'ombe, ambalo nilikuwa nimeliacha tangu usiku. Baridi ya Mbeya unaijua, supu ilikuwa imeganda inatetemeka. Akasema, "Picha yako imeshikwa na kitu hiki hiki." Sura ya picha ya karatasi imo ndani ya utando wa jelatini, na jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kwenye baridi imetulia, kwenye joto inayeyuka kama kongoro. Nilikuwa nakunywa supu ile kila siku ili mfupa uunge, na sikujua kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyobeba sura ya dada yangu.

Njia yake ni maji ya baridi, safi, na subira. Chukua kwanza fungu la picha usizozijali sana, ujaribu kwa hizo. Zilaze ndani ya maji nusu saa, wakati mwingine zaidi, usivute. Zikiwa tayari zinateleza zenyewe ukizisukuma taratibu kwa ubavu. Kisha zianike kivulini, sura ikiangalia juu, juu ya kitambaa safi, na kidole kisiguse mbele. Tulifanya nyumbani na si wodini, binti akisimamia na kunitumia simu kila moja ikitoka. Si zote zilipona. Zile ambazo maji ya mvua yalishaziingia zamani zilikuwa zimeoza, hazina cha kuokoa.

Za albamu ya gundi hazitaki maji. Hizo tulitumia uzi mwembamba wa nailoni, unaupitisha nyuma ya picha kona moja, unaukokota kushoto na kulia kama msumeno mpaka upande wa pili. Usiikunje picha, ukunje ukurasa wa albamu.

Kisha likaja tatizo la kuziangalia. Mtu uliyelala chali ukishika picha mkononi dakika tano mkono unakufa ganzi. Juu ya kitanda changu kulikuwa na fremu ya chuma yenye ule mpini. Nikamwomba sista wa zamu ruhusa ya kufunga kamba ya kuanikia nguo upande wa kichwani. Akakubali kwa masharti: mbali kabisa na kamba ya mguu, vibanio vifutwe dawa, na daktari akipita asubuhi zishushwe. Tukanunua vibanio vya mbao pale Kabwe, paketi moja. Nikawa naning'iniza picha sita kwa siku, usawa wa macho yangu. Naamka nao, nala nao.

Nilitaka pia kuzipiga kwa simu ili watoto wabaki nazo. Kwa kuwa siwezi kuinama juu ya picha, ilibidi nizipige zikiwa zinaning'inia, nami nikiwa chini yake. Zilizunguka, zilipepea kila mlango ukifunguliwa, na picha za zamani zina tabia ya kujikunja kama jani la mgomba. Nilipoteza siku tatu nzima kwa hilo. Siku ya nne nikautazama mguu wangu. Mguu ule haujikunji kwa sababu umefungwa juu na umevutwa chini. Nikaagiza vibanio viwili juu na viwili chini, na kwenye vile vya chini nikafunga kufuli dogo la begi. Picha ikanyooka kama shuka iliyopigwa pasi! Mzee wa kitanda cha dirishani alipiga makofi. Mwanga nao una saa zake. Taa za dari zikiwaka picha inang'aa doa jeupe katikati. Saa nne asubuhi, taa zimezimwa na mwanga unaingia kwa ubavu kutoka dirisha linaloangalia mlima Loleza, hapo ndipo pa kupiga. Na tochi ya simu usiiwashe.

Huyo mzee wa dirishani lazima nimtaje. Ni Mbena wa Makambako, amevuka sabini, alivunjika nyonga. Kila alfajiri ananiita "Kamwene!", salamu ya kwao, na mimi namjibu "Mugonile", salamu ya kwetu, tunaendelea kwa Kiswahili. Mimi nina picha ya marehemu baba akiwa kijana, amesimama na wenzake watatu, mmoja Mchina mwenye kofia pana ya majani, na nyuma yao kuna kama mlango mkubwa wa tao. Kwetu iliitwa picha ya stesheni. Tulijua baba alifanya kibarua ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na mama alituambia ule ni mlango wa stesheni, basi. Mzee aliomba aione. Akaishika kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu, hii si stesheni. Hili ni handaki."

Akaanza kunieleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipochukuliwa kibarua kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu, na ndipo madaraja na mahandaki yalipojazana. Reli nzima, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976, lakini kwa mzee reli ni kile kipande kimoja. Alinieleza matope, mablanketi yasiyokauka, Wachina waliokuwa wanalima mboga zao pembeni ya kambi. Baba hakuwahi kutusimulia hata moja kati ya haya. Alirudi, akafungua shamba la ndizi, akanyamaza. Mzee hakumjua baba na hakujifanya kumjua. Lakini jioni ile, chali, na uzito wangu unaning'inia, nilimsikia baba akiwa na miaka ishirini na kitu.

Tangu hapo kila mgeni aliyekuja na uji wake nilimkabidhi picha kwanza. Huyu nani? Hapa wapi? Aliyemshika mtoto ni mama wa nani? Shangazi peke yake alinitajia majina 17 kwa kikao kimoja. Binti anaandika nyuma kwa penseli laini, picha imelazwa juu ya kitu kigumu. Si kalamu ya wino, wino unapenya mbele na ncha inaacha makovu. Wazee wanachoka haraka, picha nne au tano zinatosha kwa siku moja. Na usimkatishe akikosea mwaka, acha aongee, mwaka utaupata kwa mwingine.

Mama mdogo wa Kyela alikuja wiki ya tisa na mchele na bahasha. Alikuwa amesikia habari ya dada. Hakuwa na ile picha, ila alikuwa na nyingine ya harusi moja, watu wamejipanga mistari mitatu, na mwisho kabisa mpiga picha amekata nusu ya msichana. Sikio moja, shavu, bega, na mkono uliokamata mtoto aliye mbele yake. Ni dada. Ule mkono ningeutambua popote. Niliitundika peke yake, nikakataa kuishusha hata daktari alipopita, na sista akaniachia.

Walipoondoa chuma picha ya X-ray ikaonyesha mfupa umeanza kuunga. Kabla sijatoka, binti alisafisha nakala ya picha ya handaki pale Mwanjelwa, tukamwachia mzee pamoja na kamba na vibanio. Sanduku halikurudi sakafuni. Picha ziko kwenye bahasha za karatasi, juu ya kabati, mbali na jiko.

Imebaki moja ambayo hakuna aliyeijua: kijana wa kama miaka kumi na mbili, kaptura, ameshika baiskeli ya baba, anacheka. Mama anasema kuna bibi mmoja Mwakaleli ambaye huenda akamkumbuka. Barabara ya kule haifai kwa gongo wakati wa mvua. Nimempigia simu mjukuu wake, amesema bibi macho yake bado ni mazima, tuje kiangazi.