Bata sita na mkebe wa mahindi

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mwanangu huchukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, hutia konzi moja ya mahindi, husimama mlango wa jikoni na kuutikisa. Bata sita hutoka chini ya mparachichi wakiwa wameongozana, Malkia mbele, wakapita kando ya tangi la maji na kuingia bandani. Muda wote huo haufiki hata dakika tano.

Nimeamua kuandika kwa sababu jirani yangu hapa Waithaka, Nairobi, amenunua bata wanne, na juzi usiku nilimsikia akiwakimbiza na tochi, huku na huku, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Niliumia moyo. Mimi pia nimewahi kukimbiza bata na tochi, na najua ilinigharimu nini.

Nimekulia kwenye boma la kuku. Kwa mama, giza likianza kuingia kuku hupanda ufito wenyewe, kazi yako ni kufunga mlango tu. Nilidhani bata ni vivyo hivyo. Sivyo hata kidogo. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo jioni humtia hofu na kumsukuma nyumbani. Bata anaona vyema kuliko kuku mwanga unapofifia, na mvua ikinyesha usiku, minyoo na konokono hutoka ardhini. Sasa aingie ndani kufanya nini, na meza imeandaliwa nje?

Mwaka wa kwanza walikuwa saba. Jioni moja ya Aprili, mvua ilinyesha, Naivasha Road ikafungana, nikafika nyumbani saa tatu. Bata wako nje. Nikawafuata kwa hasira na uchovu, nikamshika mmoja mguu, vile tunavyoshika kuku. Tafadhali usifanye hivyo kamwe. Mguu wa bata ni dhaifu kuliko mwili wake, huteguka upesi. Alichechemea siku nane, na kila nikimtazama nilikuwa najilaumu. Ukitaka kumbeba bata, mkumbatie mwili mzima, mabawa yakiwa yamebanwa taratibu.

Usiku uliofuata hawakutaka hata kunikaribia. Nikasema basi, walale nje siku moja. Asubuhi nikakuta manyoya meupe yametapakaa kando ya ua wa michongoma, mengine yamenasa kwenye miiba, na tundu dogo chini ya ua. Mzee anayetuuzia maziwa aliangalia akasema ni nguchiro. Mwanangu aliokota unyoya mmoja akauweka ndani ya kitabu chake cha hesabu. Bado uko.

Hapo ndipo nilipoanza upya, na safari hii nilianza na banda badala ya bata.

Banda lilikuwa la kuku: mlango mwembamba, kizingiti cha juu, ndani giza tupu. Bata haruki kizingiti, na hapendi kuingia mahali asipoona kuna nini. Zaidi ya hayo wanapenda kuingia pamoja, wakisongamana. Mlango wa kupita mmoja mmoja huwafanya wa nyuma wageuke na kwenda zao. Fundi akapanua mlango, akaweka ubao wa kupandia wenye mteremko mdogo, na vijiti vilivyopigiliwa kukingama ili miguu isiteleze. Juu ya kuta tukaacha nafasi ya hewa, tukaiziba kwa wavu mgumu wenye macho madogo, kwa sababu ule wavu mwembamba wa kuku hauwazuii wanyama wenye meno. Chini nikatandika maranda kutoka kwa seremala. Ndani nikatundika taa ndogo ya sola.

Kisha nikawafungia siku kumi. Walikula humo, wakanywa humo, wakalala humo. Ilinisikitisha kuwasikia wakilalamika mchana, lakini bata akishakaa mahali hivyo, pale panakuwa kwao.

Siku ya kumi na moja nikawafungulia mchana, bila chakula kingi nje. Mboga za sukuma na wadudu wa shambani, basi. Chakula chenyewe, mashi (chakula cha unga cha dukani) na mahindi, kikawa cha jioni na cha bandani tu. Maji nayo lazima yawe karibu: bata hula akichovya mdomo majini, na mashi makavu bila maji humkaba kooni. Karai liwe na kina cha kutosha azamishe mdomo hadi puani, maana hivyo ndivyo anavyosafisha matundu ya pua. Likiisha zoezi la kula, mimi huondoa vyote viwili, la sivyo asubuhi unakuta maranda yamekuwa tope.

Siku za mwanzo mkebe peke yake hautoshi. Tulikuwa tunatembea nyuma yao, mimi na kijana wangu, kila mmoja na fimbo mbili zilizonyooshwa kando kama mikono mirefu. Fimbo haimgusi bata. Unamwonyesha tu upande uliofungwa. Wakisimama, nawe simama. Wakigeuza shingo kukutazama kwa jicho moja, ngoja. Ukiharakisha hatua moja tu, mstari unavunjika na unaanza tena kutoka mparachichini. Jioni ya tatu tulianza upya mara nne. Ya tisa, Malkia aliposikia mkebe alitangulia mwenyewe, na wengine wakamfuata. Kila kundi lina wake wa kutangulia. Mtambue huyo, umfundishe huyo.

Saa nayo ni muhimu, na hapa Nairobi tumebarikiwa. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Bata akishazoea saa yako, hutahitaji kuibadilisha Juni wala Desemba.

Asubuhi usikimbilie kufungua. Bata wengi hutaga alfajiri, na ukifungua mapema mayai utayatafuta vichakani. Mimi hufungua saa mbili.

Sasa kuna Tausi, mmoja wa hao bata sita, wa aina iitwayo Muscovy. Yeye si kama wenzake: ana nyama nyekundu usoni, hapigi kelele ila hufoka pumzi, na makucha yake ni marefu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na ndugu zake wa mwituni hulala juu ya miti. Kwa hiyo Tausi akipanda paa la mabati si ukaidi, ni damu yake. Ningeweza kumpunguza manyoya ya bawa moja. Wengi hufanya hivyo na hakumuumizi. Bado sijapata moyo wa kufanya hivyo.

Alhamisi iliyopita nilichelewa tena. Mvua, stima imepotea, na kijana alikuwa kwa shangazi yake. Nilipofungua geti saa moja na nusu mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikamulika banda: mlango wazi, na ndani ya mwanga wa ile taa ya sola bata watano wamelala midomo mgongoni. Hakuna aliyewaita. Nikamulika juu, Tausi yuko ukingoni mwa paa, maji yanamtiririka. Nikaenda jikoni kuchukua mkebe. Nilipoutikisa akainua shingo, akafikiri, akashuka kwa kishindo juu ya ndoo, akapanda ubao taratibu na kuingia.

Nikahesabu sita, nikafunga komeo.